MSITU ULIOLIWA NA KONDOO

Iceland ni kisiwa kilicho mbali sana upande wa kaskazini, katika bahari ya Atlantiki. Eneo lake ni kilomita za mraba 103,000, na watu wake hawafiki laki nne. Mgeni afikaye huko huona nchi pana ya mawe, mchanga mweusi na majani mafupi, na miti ni michache mno. Pengine atadhani kwamba ni baridi iliyoizuia miti isimee. Sivyo.

Wahamiaji kutoka Norwe walianza kukaa huko yapata mwaka 874. Wakati ule robo ya nchi au zaidi ilikuwa imefunikwa na misitu ya birchi, mti usio mrefu, wenye gome jeupe, ambao huvumilia baridi kali.

Msitu Ulivyoangamia

Watu hao walikata miti kwa kuni, kwa kujengea, na kwa kuchoma makaa ya kufulia chuma. Lakini si shoka peke yake lililoumaliza msitu, kwa maana kisiki cha birchi huchipua tena. Kondoo waliachwa wajilishe popote, hata wakati wa baridi, nao wakala kila chipukizi. Basi mti mzee ulipokufa haukuwa na mrithi.

Hasara haikuishia katika kuni. Udongo wa Iceland una majivu mengi ya milima ya moto, nao ni mwepesi kama unga. Mizizi ilipotoweka, upepo uliupeperusha udongo hata baharini, na mahali pengi pakabaki mawe matupu. Kufikia karne ya 20, misitu ilikuwa kama sehemu moja tu katika mia ya nchi.

Jinsi Unavyorudishwa

Mwaka 1907 baraza la nchi, liitwalo Alþingi, lilipitisha sheria ya kutunza misitu na kuzuia udongo usichukuliwe na upepo. Huko Hallormsstaður, upande wa mashariki, mabaki ya msitu wa kale yalikuwa yamekwisha kuhifadhiwa tangu 1905. Yalizungushiwa ua, kondoo wasiingie. Visiki vikachipua, mbegu zikaota, na birchi ikasitawi bila kupandwa. Mwaka 1938 ilipandwa hapo pia miche ya larchi, mti wa jamii ya msonobari, kutoka Urusi. Leo miti hiyo imepita urefu wa mita 20.

Hata hivyo, baada ya kazi ya zaidi ya miaka mia moja, misitu na vichaka vya Iceland havijazidi sana sehemu mbili katika mia. Kuharibu ni rahisi, kurudisha ni kazi ya vizazi. Tangu 2007 wataalamu kutoka nchi mbalimbali, Uganda ikiwa mojawapo, wamekwenda huko kujifunza namna ya kuponya ardhi iliyochakaa. Fundisho la kwanza wanaloliona kwa macho ni hili: apandaye mche bila kuuwekea ua amelisha mifugo tu.