Daftari la Babu: Somo la Kuhifadhi Kumbukumbu Zetu



Ndugu zangu wasomaji, likizo iliyopita nilikuwa Mombasa kwa bibi yangu. Aliniita chumbani, akafungua sanduku, akatoa daftari gumu lililofungwa kwa kamba. "Hili la marehemu baba," akaniambia. "Na yeye alisoma huko huko kwenu Makerere."

Babu huyo alikuja Kampala miaka ya thelathini. Reli ilikuwa imefika hapa mwaka 1931. Kabla ya hapo msafiri wa pwani alishuka Kisumu, akavuka ziwa kwa meli hadi Port Bell. Ukurasa wa kwanza amebandika tikiti ya gari moshi. Kisha ratiba ya masomo, bahasha iliyotoka nyumbani, na picha ya vijana kumi na mmoja na mpira wao. Nusu ya daftari imeliwa na mchwa.

Ukurasa ulionishika ni mmoja. Ameandika kwa penseli namba 1 hadi 29, kila namba ina alama pembeni, isipokuwa 17. Hapo ameandika neno moja: "homa". Bibi akacheka. "Hiyo ni Ramadhani yake. Alikuwa akihesabu deni la Mola wake."

Nikamuuliza: alifuturu na nani? Ijumaa aliswali wapi? Wale vijana wa kwenye picha ni akina nani? Bibi hakujua. Nikaibandua picha polepole nitazame nyuma. Hakuna jina hata moja.

Chuo hiki kilianza mwaka 1922 kikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 tu, wakifundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Wanawake wa kwanza waliingia mwaka 1945. Mwaka 1949 kikawa na uhusiano na Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Hayo tunayajua kwa sababu yaliandikwa. Sheikh Ali Muhsin Barwani wa Zanzibar alisoma kilimo hapa. Tunamjua kwa siasa zake, na pia kwa sababu aliacha maandishi: aliandika kumbukumbu za maisha yake na akaifasiri Qur'ani kwa Kiswahili. Lakini yule kijana aliyefunga siku 28 na kuugua moja, pamoja na wenzake, nani atawataja?

Ndugu zangu, dini yetu imetufundisha kuandika. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, haizungumzii vita wala miujiza. Inazungumzia kuandikiana deni, na inatukataza kuchoka kuliandika hata likiwa dogo.

Tukumbuke pia vita vya Yamama. Hufadhi wengi waliuawa, na Umar (R.A.) akamshauri Abu Bakr (R.A.) Qur'ani ikusanywe. Kazi akapewa Zayd bin Thabit (R.A.), naye alikuwa kijana. Akaikusanya kutoka kwenye makuti, mawe bapa, na vifua vya watu. Silinganishi Kitabu cha Allah na daftari la mwanafunzi, hasha. Ninachojifunza ni kwamba Maswahaba hawakungoja mtu wa mwisho afe ndipo waandike, na kwamba kazi hiyo waliweza kumwamini kijana.

Sisi je? Mwaka jana simu yangu iliingia maji, na picha zote za futari zetu za pamoja zikapotea. Jengo Kuu letu, lililojengwa mwaka 1941, liliungua usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020. Moto, maji na mchwa havichagui. Kwa hiyo napendekeza mambo matatu:

1. Kila jumuiya iwe na daftari moja la karatasi. Libandikwe tangazo la darsa, ratiba ya futari, na picha chache zilizochapishwa. Kila uongozi mpya ulipokee kama amana.

2. Nyuma ya kila picha yaandikwe majina, mahali na tarehe. Kina dada waandike yao pia, ili wajukuu zao wasije wakadhani Uislamu wa chuoni ulikuwa wa wanaume peke yao.

3. Tuwatembelee wazee waliosoma hapa, tuwaulize waliswali wapi na waliishi vipi, tuandike wangali hai.

Mtu anaweza kuuliza: je, hii si riya? Ikiwa tunaandika ili tusifiwe, ndiyo. Babu hakuandika ili nimsome mimi. Aliandika ili asisahau kulipa siku yake moja. Tuandike kwa nia hiyo: kulipa madeni, kukumbuka wema wa wenzetu, na kuwaombea dua kwa majina yao. Na tukumbuke kuwa kila mmoja wetu ana daftari jingine analoandikiwa, lisiloacha dogo wala kubwa, na hilo haliliwi na mchwa.

Kabla sijaondoka Mombasa nilimuuliza bibi kama ile siku ya 17 ililipwa. Akafunua jalada la nyuma. Pale pembeni, kwa penseli ile ile, pana namba 17 na alama yake.

Allah amrehemu yeye na wenzake wale kumi, ambaye Yeye anayajua majina yao. Wabillahi tawfiq.