Pua, Feleji na Poda: Majina ya Vyuma vya Visu na Kosa la Mfasiri Mmoja Katika Homa Bay na Migori

Utangulizi

Mwaka wa 2022 kikundi cha akina mama wanaopasua samaki katika ufuo mmoja wa Homa Bay kiliniomba nikitafsirie orodha ya bidhaa za duka linalouza visu kwa jumla. Orodha ilikuwa ya Kiingereza, nami nilikuwa nimehitimu shahada ya kwanza ya Kiswahili na kujihesabu mfasiri. Palikuwa na visu vya aina mbili vyenye umbo moja: vya bei ya chini, vilivyofuliwa kwa chuma chenye kaboni tu, na vya bei ya juu kidogo, vya kile chuma ambacho mitaani huitwa stenlesi. Aina zote mbili niliziandikia 'chuma cha pua'. Kikundi kikaona kwamba chuma ni kimoja ila bei ni mbili, kikachagua bei ya chini, kikanunua visu 24 kwa fedha za chama. Kabla ya wiki ya pili kwisha vilikuwa vimeota kutu ya rangi ya matofali, na mnunuzi mmoja wa minofu akakataa samaki waliopasuliwa kwavyo. Mwenyekiti wao, mama wa umri wa mama yangu mzazi, aliniita, akanionyesha kisu kimoja na kuniambia bila ukali, "Wuoda, hii pua yako imeshika mafua." Wuoda ni 'mwanangu' kwa Kijaluo. Nilicheka pamoja nao, kisha usiku nikakosa usingizi.

Makala haya yamezaliwa na kosa hilo. Yanakusudia kuwaeleza wanafunzi wenzangu na wahadhiri wetu jinsi vyuma vya visu vinavyopewa majina, jambo ambalo majina hayo hulisema na lile ambalo hulificha, na tofauti iliyopo baina ya pua ya kawaida na ile inayotengenezwa kwa poda. Huenda msomaji akauliza haya yanaihusu vipi taaluma ya Kiswahili. Jibu langu ni visu vile 24.

Chuma, pua na feleji

Kwa mhunzi, chuma na pua si kitu kimoja. Chuma chenye kaboni kidogo sana, tuseme chini ya asilimia 0.3, hakishiki ugumu wa maana hata kikipashwa moto hadi kiwe chekundu na kuchovywa ndani ya maji au mafuta. Kaboni ikipita asilimia 2 au hivi, tunapata chuma cha kusubu, ambacho ni kigumu lakini huvunjika kama chungu. Pua ya kutengenezea visu iko katikati ya hivyo viwili, na aghalabu ina kaboni ya asilimia 0.5 hadi 1.5. Wazee wetu wa lugha waliujua mpaka huu. Kamusi za zamani zinatambua kauli ya 'kutia pua', yaani kuunganisha makali ya pua kwenye chombo ambacho mwili wake ni chuma laini. Zinalitambua pia neno 'feleji', pua bora, na upanga wa feleji ukawa ni ule mrefu, ulionyooka, wenye makali pande mbili. Hii ina maana kwamba Kiswahili kilikuwa na ngazi tatu: chuma, pua, feleji. Leo kijana wa Rongo au Oyugis akizungumza Kiswahili anabaki na chuma na stenlesi tu.

Wala ujuzi wenyewe haukuwa mgeni kandokando ya ziwa letu. Ng'ambo ya Ziwa Viktoria, upande wa magharibi, Wahaya wa Kagera waliyeyusha chuma kwa tanuri za udongo zilizopulizwa kwa mivukuto. Mwaka wa 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha matokeo ya utafiti wao wakieleza kwamba tanuri hizo zilitoa pua yenye kaboni. Upande wetu, majembe ya Samia yalisafiri hadi kwa Waluo na kutumika hata katika mahari. Katika Kijaluo mhunzi ni thedhi, chuma ni nyinyo, kisu ni pala. Thedhi hakuhitaji namba kwenye bapa la kisu. Aliujua ubora kwa rangi ya moto, kwa mlio wa nyundo juu ya fuawe, na kwa jina la aliyemuuzia.

Ilipoongezwa kromiamu ndipo mambo yalipochanganyika. Pua ikiwa na kromiamu isiyopungua takriban asilimia 10.5, juu yake hujitanda utando mwembamba usioonekana unaoizuia kutu. Hiyo ndiyo stenlesi. Ni aina moja ya pua, na pua nyingi si stenlesi. Mimi nilifasiri kana kwamba kila ng'ombe ni mwenye pembe.

Jinsi majina yanavyotungwa

Mwanafunzi wa isimu akiangalia majina haya atafurahi, maana hapa unasibu wa ishara unaonekana ukikua na kufifia.

Yapo majina yanayosomeka. Katika utaratibu wa Kimarekani wa SAE, pua 1095 ni pua ya kaboni tupu (ndiyo maana ya 10) yenye kaboni ya takriban asilimia 0.95. Pua 5160, ambayo hutumiwa sana kutengenezea springi za magari, ina kromiamu kidogo na kaboni ya asilimia 0.60. Wajerumani huandika X50CrMoV15: X kuonyesha kwamba viungo ni vingi, 50 kwa kaboni ya asilimia 0.50, kisha kromiamu, molibdeni na vanadi, na 15 kwa kromiamu ya asilimia 15. Wachina wana 8Cr13MoV, kaboni ya asilimia 0.8 na kromiamu ya asilimia 13. Majina ya namna hii yana mofimu. Ukijua kanuni unayachambua kama kitenzi cha Kiswahili.

Yapo mengine ambayo ni namba za orodha tu. Ile X50CrMoV15 huitwa pia 1.4116, na namba hiyo haikuambii kitu mpaka ufungue orodha. Pua 440 haina asilimia 4.40 ya chochote. Tena herufi inayoifuata ndiyo yenye uzito: 440A, 440B na 440C hupishana kwa kaboni, na 440C ndiyo yenye kaboni nyingi zaidi, karibu asilimia 1. Kisu kilichoandikwa 440 pasi na herufi ni kama nomino iliyokatwa kiambishi. Mara nyingi muuzaji ameificha A.

Kundi ninalolipenda zaidi ni la Wajapani. Pua mbili mashuhuri za Yasugi huitwa 'karatasi nyeupe' na 'karatasi ya buluu', kwa sababu ya rangi ya karatasi zilizobandikwa juu yake kiwandani ili zisichanganywe. Hakuna weupe wala ubuluu ndani ya chuma. Kampuni iliyozitengeneza, Hitachi Metals, ilibadilisha jina mwaka wa 2023 ikawa Proterial, lakini karatasi zimebaki karatasi.

Mwisho yapo majina ambayo ni chambo. 'Chuma cha daktari', 'chuma cha Japani' na 'stenlesi' lenyewe hayatambulishi pua yoyote mahususi. Kijiko kilichopigwa muhuri wa 18/10 kina kromiamu ya asilimia 18 na nikeli ya asilimia 10. Hakiliwi na kutu kwa urahisi, lakini chuma chake hakigeuki kigumu kwa moto. Ukikifanya kisu, kitakwaruza nyanya.

Jozi ya mlinganuo finyu

Sasa tuingie katika poda. Katika fonolojia tunafundishwa kwamba 'pata' na 'bata' ni jozi ya mlinganuo finyu: sauti moja tu imetofautiana, na maana ikabadilika. Katika vyuma jozi ya namna hiyo ipo. Kuna pua iitwayo D2, yenye kaboni ya asilimia 1.5 na kromiamu ya asilimia 12 hivi. Na kuna D2 nyingine iliyotengenezwa na kampuni ya Crucible ya New York kwa njia ya poda, ikauzwa kwa jina la CPM D2. Viungo ni vilevile. Kilichotofautiana ni mapishi.

Msomaji aliyepita Ndhiwa au Awendo na kuona sukari guru ikipikwa atanielewa upesi. Shira ikipozwa polepole huota fuwele kubwa. Ikipozwa ghafla, fuwele huwa ndogo sana. Pua iliyoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu kubwa hupoa polepole. Kaboni inapokutana na kromiamu au vanadi hufanya punje ngumu ziitwazo kabidi, na katika kupoa huko punje hizo hukua na kukusanyika mahali mahali. Hata chuma kikifuliwa na kubanwa, punje hubaki katika mistari. Katika D2 ya kawaida zinaweza kufikia makumi ya maikromita (maikromita 1 ni sehemu ya 1,000 ya milimita). Makali membamba yakipita penye punje kubwa, hung'oka kipande.

Katika njia ya poda, pua iliyoyeyuka hupulizwa kwa gesi yenye nguvu, aghalabu naitrojeni, ikatawanyika kuwa matone madogo mno ambayo huganda papo hapo. Kila tone ni kalibu yake yenyewe. Punje hazipati wasaa wa kukua. Unga huo hutiwa ndani ya kopo la chuma, hewa hutolewa, kopo huzibwa kwa kuchomelewa, kisha hubanwa pande zote kwa shinikizo la takriban mara 1,000 ya lile la hewa, katika joto la nyuzi 1,100 au zaidi. Poda haiyeyuki tena, ila hushikamana hadi nafasi zote zikajaa. Kinachotoka ni kipande kizima, kikabanwa kuwa bamba kama pua nyingine yoyote, na punje zake ni za maikromita chache tu zilizosambaa sawasawa. Kwa hiyo ndani ya kisu cha poda hamna poda. Hili nalisisitiza kwa kuwa fundi mmoja wa Migori aliniuliza kama kisu hicho kikilowa kitavimba.

Faida yake ni kwamba mtengenezaji anaweza kuongeza vanadi na kaboni nyingi bila ya chuma kuwa dhaifu kupindukia. CPM S30V, iliyotokea mwaka wa 2001 kwa ajili ya visu hasa, ina kaboni ya asilimia 1.45, kromiamu ya asilimia 14 na vanadi ya asilimia 4. Angalia jina lake: ile 30 haihesabu kiungo chochote kati ya hivyo. Nazo herufi CPM ni mali ya kampuni. Nyingine zina majina yao wenyewe kwa kazi ileile. Crucible iliomba hifadhi ya mufilisi mwezi wa Desemba 2024 na mali zake zikanunuliwa na wengine. Visu vyenye herufi zake vingali sokoni.

Awendo na Mbita

Je, ningewashauri akina mama wale wanunue pua ya poda? La, hata kama bei isingekuwa kikwazo. Kisu cha kupasulia mbuta hunolewa mara nyingi kwa siku, juu ya kinoo kilicho karibu, na mkono uliolowa. Kabidi za vanadi ni ngumu kuliko mawe mengi ya kunolea, na mama angetumia asubuhi yake kusugua. Anachohitaji ni bapa jembamba linalopinda kidogo penye mifupa, lisiloshika kutu upesi, na linalorudisha makali kwa misuguo michache. X50CrMoV15 iliyogumishwa kufikia 55 hadi 57 katika kipimo cha Rockwell inamtosha. Hiyo si feleji, lakini ndiyo inayofaa.

Mkata miwa wa Awendo yuko katika hali nyingine kabisa. Panga lake hugonga shina, udongo na wakati mwingine jiwe. Akipewa 440C litapasuka ukingoni. Linalomfaa ni la pua yenye kaboni ya wastani, isiyo stenlesi, gumu kiasi cha kunoleka kwa tupa. Ndiyo sababu mafundi wa jua kali wa Migori hupenda springi za malori. Hapa pana tahadhari moja: springi zote si 5160, na fundi asiyejua alichoshika hawezi kujua achovye katika mafuta au maji. Tena jina lolote, liwe la namba au la karatasi, halisemi kama chuma kilipashwa moto ipasavyo. Pua bora iliyochovywa vibaya huwa ama kioo ama bati.

Mintarafu istilahi

Nimeandika upya orodha ile. 'Pua' peke yake, au 'chuma cha pua', nimeiacha ibaki na maana yake ya jumla. Vile visu vya bei ya chini sasa vinasomeka 'pua ya kaboni, hushika kutu'. Kwa stenlesi nilijaribu 'pua isiyoshika kutu', nikaifuta, kwa sababu ni uongo: ikiachwa na chumvi na damu ya samaki usiku kucha hata hiyo huota madoa. Nimetumia 'pua kingakutu', kwa mfano wa kingamwili, kwani kinga hupunguza hatari bila kuahidi miujiza. Kwa ile ya tatu nimesita kati ya 'pua ya unga', 'pua ya chembe' na 'pua ya poda'. Unga unarudi jikoni. Chembe ina usahihi, lakini mwuza duka niliyemsomea alidhani ni pua yenye kasoro. Nimechukua poda, nikiongeza maelezo mafupi kwamba ni namna ya kutengeneza, si hali ya kisu.

Limebaki 'feleji'. Baadhi ya wenzangu wanapendekeza lifufuliwe liwe jina la stenlesi. Siafiki, kwa kuwa upanga wa feleji ulihitaji kupakwa mafuta ili usiote kutu. Naona lingefaa zaidi kwa pua za kaboni nyingi zenye makali ya kudumu, ziwe za kalibu au za poda, lakini mhadhiri mmoja ameniambia kwamba hilo ni kusifu, si kuainisha. Wasomaji wenye hoja wanakaribishwa kuzileta katika toleo lijalo.

Akina mama walinunua visu 12 vya pua kingakutu, nami nikachangia nusu ya bei. Vile 24 vya kwanza viligawanywa kwa mashamba. Vinakata sukuma wiki na kamba za mbuzi, na kila nikipita mwenyekiti huniuliza kama mafua yamepona.