Kuitazama Sanaa ya Wakati Wetu: Maswali Matatu kutoka kwa Mtakatifu Thoma wa Akwino



Katika makanisa yetu mengi, mwamini anayeinua macho hukutana na picha zilezile: Njia ya Msalaba iliyochapishwa kiwandani na sanamu za plasta zilizotoka mbali. Picha hizo zimewasaidia babu na bibi zetu kusali, nasi hatuzidharau. Lakini jirani na kanisa hilohilo huenda anaishi mchonga vinyago, mchora mabango, au kijana anayebuni michoro kwa kompyuta, ambaye parokia yake haijawahi kumwomba kitu zaidi ya kupaka rangi ukuta.

Katika makala haya tunajiuliza: sanaa ya wakati wetu inayoinua moyo tunaitambuaje tunapokutana nayo? Swali hili linatuhusu sisi mafrateri, kwa sababu kesho tutakaa katika vikao vya kujenga na kupamba makanisa. Linawahusu pia waamini, kwa sababu fedha za kupamba makanisa hayo ni michango yao.

1. Mafundisho ya Kanisa

Kitabu cha Hekima (13:1-5) kinatufundisha kwamba Mungu ndiye asili ya uzuri, na kwamba uzuri wa viumbe unaweza kumwongoza mtu hadi kwa Muumba. Katika kitabu cha Kutoka (31:1-5), Mungu anamjaza Bezaleli roho yake ili afanye kazi ya dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao. Hivyo ufundi wa mikono unatajwa kuwa kipaji cha Mungu tangu siku za hema la kukutania.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Liturujia Takatifu, namba 123, unaeleza kwamba Kanisa halikuufanya mtindo wowote wa sanaa kuwa wake pekee. Unataka sanaa ya nyakati zetu, ya mataifa yote na nchi zote, ipewe nafasi katika Kanisa, mradi ihudumie ibada kwa heshima inayostahili. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alirudia moyo huo mwaka 1999 katika barua yake kwa wasanii. Kwa hiyo, anayetafuta sanaa ya leo kwa ajili ya Kanisa analitii Kanisa.

2. Maswali matatu

Mtazamaji akikutana na kazi mpya, mara nyingi swali lake la kwanza ni: je, inafanana na zile tulizozizoea? Swali hilo hupima mazoea yetu tu. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, sehemu ya kwanza, swali la 39, anataja mambo matatu yanayohitajika katika uzuri: ukamilifu, ulinganifu na mng'ao. Tukiyageuza kuwa maswali, tunapata mwongozo ambao hata mtoto wa Komunyo ya kwanza anaweza kuufuata.

Kwanza, je, kazi hii ni kamili? Yaani, ina kila inachohitaji ili iwe kile inachotaka kuwa? Pili, je, sehemu zake zinapatana, zenyewe kwa zenyewe na pia na mahali ilipowekwa? Tatu, je, maana yake inang'aa, ili anayeitazama kwa utulivu aone jambo ambalo hakuliona kabla?

3. Mifano kutoka kwetu

Tuanze na Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932, akasomea sanaa Makerere. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora picha kubwa tano katika kanisa kuu la Kianglikana la Murang'a, Kenya: kuzaliwa kwa Kristo, ubatizo wake, Karamu ya Mwisho, mateso ya Gethsemane na kusulubiwa. Kristo wake ni Mwafrika, na matukio yote yanatokea katika mandhari ya nchi ya Wakikuyu.

Kanisa hilo lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa katika kipindi cha Mau Mau. Hebu tufikiri juu ya waliosali humo mwanzoni: watu waliokuwa wamezika ndugu zao miaka michache tu iliyopita. Walipomwona Bwana akifa katika ardhi kama yao, hawakuhitaji maelezo marefu ili waelewe kwamba Mungu aliyajua mateso yao. Huo ndio mng'ao anaousema Mtakatifu Thoma. Mchoraji hakubadili Injili. Aliifanya isikike karibu.

Mfano wa pili ni wa ubunifu wa majengo. Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement wa Wamisionari wa Afrika alifanya kazi na Wasukuma kwa miaka mingi. Kanisa la hapo ni la mviringo, na umbo lake linafuata nyumba ya jadi ya Kisukuma. Mtu akiingia, anatambua kabla ya mahubiri kwamba Kristo Mfalme amefanya makao kati ya watu hawa. Hapo tunaona ulinganifu: jengo linapatana na imani, na pia na watu wanaolitumia.

Mfano wa tatu ni George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934 upande wa Masasi na kufariki mwaka 2005. Mwaka 1972 Sista Jean Pruitt, mtawa wa Maryknoll, alianzisha Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam ili wasanii wapate mahali pa kufanyia kazi. Lilanga aliingia hapo akiwa mlinzi wa usiku. Kipaji chake kilionekana, akapewa nafasi, na baadaye michoro na vinyago vyake vilioneshwa Ulaya na Marekani. Sista hakumpa Lilanga kipaji, kwa sababu kipaji kinatoka kwa Mungu. Alitoa mahali, na vipaji vilivyokuwapo vikapata pa kuonekana.

4. Pingamizi moja

Msomaji anaweza kusema: Lilanga alijulikana kwa picha za mashetani, viumbe wenye masikio makubwa na matumbo yaliyovimba. Mkristo atapataje faida humo?

Pingamizi hili ni zito, na jibu lake lina sehemu mbili. Kwanza, Mtakatifu Thoma, katika swali lilelile la 39, anasema kwamba picha huitwa nzuri ikiwa inaonyesha kitu kikamilifu, hata kama kitu chenyewe kinachukiza. Viumbe wa Lilanga wanakula, wanacheza, wanapiga soga. Anayewatazama vizuri hucheka, halafu hujiona yeye mwenyewe: ulafi wake, majivuno yake, maneno yake ya pembeni. Picha inayomfanya mtu ajitambue ni msaada kwa dhamiri.

Pili, si kila sanaa nzuri inafaa altareni. Mtaguso huohuo, namba 124, unawataka maaskofu waziondoe katika nyumba ya Mungu kazi zisizopatana na imani na uchaji. Tutofautishe basi picha ya kusali mbele yake na picha ya kutafakari mahali pengine. Viumbe wa Lilanga wanaweza kutufundisha ukumbini bila kuingizwa kanisani.

5. Tufanye nini?

Tujizoeze kutazama. Tukikuta kazi moja, iwe kinyago cha Mwenge au mchoro wa Tingatinga, tukae nayo dakika kumi kimya kabla ya kutoa hukumu, kisha tuulize yale maswali matatu.

Tuwafahamu wasanii wa parokia zetu. Katika Jumuiya Ndogo Ndogo tunajua nani ni mgonjwa na nani ana msiba. Tujue pia nani anachonga, nani anachora na nani anafuma.

Tuwape kazi, na tuwalipe ujira wa haki. Parokia inayohitaji Njia ya Msalaba inaweza kuanza na kituo kimoja, ikishauriana na paroko na wahusika wa liturujia jimboni, na kumfundisha msanii maana ya ibada. Kazi hiyo itachukua muda kuliko kununua dukani. Lakini mtoto atakayesali mbele yake atajua kwamba utakatifu una sura ya watu wa nyumbani kwao pia.

Maswali ya kujadili

1. Ni picha au sanamu gani katika kanisa letu inayotusaidia kusali? Ina ukamilifu, ulinganifu na mng'ao?
2. Je, tunamfahamu msanii mmoja katika jumuiya yetu? Parokia imewahi kumpa kazi?
3. Tunatofautishaje sanaa inayofaa ibada na sanaa inayofaa tafakari nje ya ibada?