Mzigo Umefika, Vitu Havijatimia

Uliagiza vikombe sita, vimefika vitano. Au simu imekuja lakini chaja haimo, au gauni limefika bila mkanda wake. Kifurushi kilichopotea chote ni kesi nyepesi: hakipo, na hata kompyuta ya posta inakubali kuwa hakipo. Kilichopungua ndicho chenye ubishi. Muuzaji wa Guangzhou ana neno lake, wewe wa Morogoro una lako, na katikati kuna viwanja vya ndege, maofisa wa forodha na makaunta kadhaa ya posta. Usianze na hasira. Anza hivi.

1. Usibonyeze "nimepokea" kabla hujahesabu

Kwenye soko kama AliExpress, pesa yako haimfikii muuzaji siku unayolipa. Inashikiliwa hadi uthibitishe kuwa umepokea, au muda wa ulinzi uishe. Wapo wauzaji wanaokubembeleza uthibitishe mapema, wengine hata kabla hujaenda posta. Jibu kwa adabu kwamba utathibitisha ukishafungua. Pesa ikiwa bado mikononi mwa soko, maneno yako yana uzito zaidi.

2. Maliza ukaguzi ukiwa bado kaunta

Hiki ndicho kidokezo ninachokipigania kuliko vyote, na ndicho watu wanachokiruka kwa sababu foleni ni ndefu na aliye nyuma yako anaguna. Mwache agune.

Tazama selotepu. Kama kuna tabaka mbili, au ya juu si ya aina moja na ya chini, huenda kifurushi kimefunguliwa njiani. Hilo peke yake si ushahidi wa wizi, maana forodha ina ruhusa ya kufungua na kukagua, na mara nyingi hufunga tena kwa utepe wake. Lakini ni sababu tosha ya kumwomba karani mfungue pamoja hapo hapo.

Kisha omba mizani. Kaunta za posta zinayo, na kupima ni kazi ya nusu dakika. Linganisha na uzito ulioandikwa kwenye lebo. Tuseme lebo inasema gramu 640 na mizani inasema 410: kitu kilitoka baada ya muuzaji kutuma, kwa hiyo swali linaielekea posta. Uzito ukilingana, kitu hakikuwahi kuingia ndani, na swali linarudi kwa muuzaji. Tofauti ya gramu chache isikusumbue, mizani hazifanani.

Ukiona kasoro, iandikwe kabla hujasaini. Kwa kanuni za Umoja wa Posta Duniani, posta ikishakukabidhi mzigo huwa imejivua dhima, isipokuwa wizi au uharibifu umebainika wakati wa kukabidhi, au wewe umepokea huku ukiweka pingamizi. Saini safi isiyo na neno pembeni ni zawadi kwa mpinzani wako. Andika tu: "Nimepokea kikiwa kimefunguliwa, uzito gramu 410," weka tarehe, piga picha.

3. Soma karatasi ya forodha

Ile fomu ndogo iliyobandikwa juu ya kifurushi kutoka nje, CN 22 au CN 23, inataja vilivyomo, idadi yake, uzito na thamani. Kama imeandikwa vikombe vitano, muuzaji amekupa ushahidi kwa mkono wake mwenyewe.

Thamani nayo ina mambo yake. Wengi hufurahi muuzaji akiandika bei ndogo ili ushuru upungue. Haya, sasa utadai vipi fidia ya shilingi elfu themanini kwa mzigo ambao karatasi yake inasema ni wa elfu kumi?

4. Video moja, isiyokatwa

Anza na lebo ikisomeka, zunguka pande zote, fungua, toa kimoja kimoja mpaka boksi libaki tupu. Bila muziki, bila kuhariri. Mwombe mtu akushikie simu, kufungua boksi kwa mkono mmoja ni vichekesho.

5. Tafuta kwanza nyumbani mwako

Toa karatasi zote za kujazia. Kunjua kila kitambaa. Vitu vidogo hupenda kujificha ndani ya vikubwa, na chaja imewahi kuokotwa kwenye pipa la taka katika nyumba nyingi tu.

Ukishamaliza boksi, hamia kwenye oda. Je, muuzaji aliigawa katika vifurushi viwili? Ukiona namba mbili za kufuatilia, tulia, mwenzake yuko njiani. Je, ulichagua seti au kimoja? Picha ya tangazo huonyesha vinne vimepangwa vizuri, lakini kile kidude cha kuchagulia idadi kimesimama kwenye moja.

6. Ijue namba yako ya kufuatilia

Namba za posta za kimataifa zina herufi na tarakimu 13: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi mzigo ulikotoka, CN kwa China, TZ kwa Tanzania, KE kwa Kenya. Herufi ya mwanzo inakueleza daraja la mzigo. R ni iliyosajiliwa, C ni kifurushi cha posta, E ni EMS, yaani huduma ya haraka ya posta. Kifurushi kidogo cha kawaida ambacho hakikusajiliwa hakina fidia ya posta kikipunguzwa, kwa hiyo usipoteze nguvu huko, mbane muuzaji. Na ukiagiza kitu cha thamani, lipia usajili. Nyongeza hiyo huwa ndogo kuliko maumivu.

7. Muuzaji kwanza, kwa maneno machache

Wewe ulinunua kwake, hukununua kwa karani. Mwandikie ndani ya programu ya soko, si WhatsApp, kwa sentensi fupi ambazo mashine ya kutafsiri haitaziharibu. Mfano:

"Habari. Oda yangu imefika leo. Niliagiza vikombe 6, ndani kuna 5. Uzito kwenye lebo ni gramu 1,800, nimepima 1,795. Nimeambatisha picha na video. Naomba unirudishie pesa ya kikombe kimoja."

Hakuna tusi, hakuna hadithi ya jinsi mgeni alivyokuwa anakuja. Na umetaja unachotaka. Malalamiko yasiyo na ombi hujibiwa kwa pole na alama ya ua.

Kudai pesa yote kwa kikombe kimoja kilichopungua ni njia nzuri ya kunyimwa hata hiyo ya kimoja. Ila kama kilichokosekana kinaufanya mzigo wote usitumike, mathalani cherehani isiyo na pedali, dai yote na ueleze kwa nini.

8. Kalenda haina huruma

Muuzaji mjanja hakatai. Anasema "subiri wiki ijayo," na wiki ijayo anasema hivyo hivyo, mpaka dirisha lifungwe. Zijue tarehe zako. PayPal inakupa siku 180 tangu ulipolipa kufungua shauri, na ukishalifungua una siku 20 za kulipandisha ngazi ili wao waamue, la sivyo linajifunga. eBay kwa kawaida ni siku 30 tangu mzigo kufika. Ulizo rasmi la posta kwa mzigo wa kimataifa lina miezi 6 tangu siku iliyofuata ya kutumwa. Kama ulilipa kwa kadi, benki nayo ina utaratibu wa kupinga malipo, waulize mapema.

Na usifunge malalamiko kwa ahadi. "Funga kwanza, nitakutumia pesa" ni wimbo wa zamani. Shauri la PayPal likishafungwa halifunguliwi tena.

9. Kwa wanunuzi wa Instagram

Hapa hakuna soko lililoshika pesa katikati. Umelipa kwa simu, pesa imekwenda. Huduma ya kurudisha muamala ni ya aliyekosea namba, usiende kumdanganya mhudumu. Kinga yako ni mazungumzo: kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aandike idadi, rangi na bei, na apige picha ya vitu kabla ya kufunga boksi. Usifute chochote. Nchini Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua ujumbe wa kielektroniki kama ushahidi, kwa hiyo ile "sawa dada, vipo sita" ina thamani.

10. Ngazi za juu zipo

Kosa likiwa la posta au kampuni ya vifurushi, lalamika kwao kwanza kwa maandishi na uombe nakala iliyogongwa muhuri. Wakikupuuza, nenda Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), au Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kama uko huko, maana ndio wanaotoa leseni za kazi hiyo. Muuzaji aliye Tanzania anaweza kufikishwa Tume ya Ushindani. Wakenya wana kitu kizuri zaidi: Mahakama ya Madai Madogo, chini ya sheria ya 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na huhitaji wakili.

Kama kilichopungua ni kebo ya elfu tatu, piga hesabu ya nauli kabla ya kupanda ngazi hizo. Mara nyingine inatosha kuandika tathmini kwenye ukurasa wa bidhaa: uliagiza nini, kimefika nini, muuzaji alijibu nini. Wauzaji wengi waliokaa kimya wiki tatu hujibu tathmini ya nyota moja ndani ya saa chache, na pesa huwa wanayo tayari.