GARI NA HESHIMA YA MTU

Somo la kujadiliana katika vikundi. Soma kwanza: Yakobo 2:1–9



Jumapili moja ya Mavuno mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mimi na mzee mwenzangu wa kanisa tuliwekwa mlangoni kupokea watu. Mara gari kubwa jeupe likaingia uwanjani. Nilishika mwavuli nikakimbia kumfungulia mlango aliyekuwamo. Akashusha kioo, akaniuliza njia ya kwenda stendi ya mabasi.

Niliporudi nilimkuta bibi mmoja wa mtaa wetu amesimama barazani, amelowa chapachapa, na kikapu cha mahindi ya sadaka kichwani. Nilikuwa nimempita pale uwanjani, mwavuli mkononi. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, mwavuli wako una macho."

Neno hilo halijanitoka moyoni, nami naomba tulitumie kujifunza pamoja.

1. Yakobo anamkemea nani?

Yakobo anatuonyesha watu wawili wakiingia katika mkutano. Mmoja ana pete ya dhahabu na mavazi mazuri, mwingine ni maskini mwenye nguo chafu. Wa kwanza anakaribishwa mahali pazuri, wa pili anaambiwa asimame, au akae chini.

Tuangalie sana jambo moja. Hapo mwanzo Yakobo hamwambii neno mwenye pete. Huenda mtu yule hakuomba kiti cha mbele. Anayekemewa ni yule anayegawa viti. Mara nyingi tukihubiri juu ya majivuno tunamtazama mwenye mali, lakini barua hii inamtazama aliyesimama mlangoni. Siku zile alama ilikuwa pete. Siku zetu ni ufunguo wa gari.

2. Cheo cha gari kimetoka wapi?

Karl Benz wa Ujerumani alipoandikisha uvumbuzi wake mwaka 1886, gari lake lilikuwa na magurudumu matatu tu. Tangu 1908, Henry Ford wa Marekani alitengeneza gari la Model T kwa ajili ya watu wa kawaida. Kuanzia 1914 hadi 1925 gari hilo lilitolewa kwa rangi nyeusi peke yake, hata la daktari na la mkulima yakafanana.

Lakini katika miaka ya 1920 kampuni ya General Motors, ikiongozwa na Alfred Sloan, iliyapanga magari yake kama ngazi: Chevrolet chini, Cadillac juu, na mengine katikati. Tena ikazoea kubadili sura ya magari kila mwaka, ili mwenye gari zima alionee haya kwa kuwa ni la mwaka jana. Kule Uingereza makampuni mengi yaliwapa wafanyakazi magari kwa kadiri ya vyeo vyao. Ford Cortina, iliyotengenezwa kati ya 1962 na 1982, ilipofika miaka yake ya mwisho, watu walisoma maandishi yaliyobandikwa nyuma, L au GL au Ghia, wakajua jirani yao amepanda daraja gani kazini.

Basi ngazi hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Iliundwa na wauzaji, nasi tukakubali kuipanda.

3. Na hapa kwetu?

Baada ya uhuru, katika miaka ya 1960, Kiswahili kilipata neno jipya: Wabenzi. Lilitamkwa kama jina la kabila, kama tusemavyo Wagogo au Wakamba. Ila kabila hili halina lugha yake wala makaburi ya babu zake. Kiingilio chake ni gari la Mercedes-Benz. Watu walicheka, lakini kicheko kile kilikuwa na uchungu, maana wengi walikuwa wangali wakitembea kwa miguu. Mwezi wa Februari 1967 Azimio la Arusha liliwakataza viongozi wa TANU na Serikali kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni, na nyumba za kupangisha. Sharti linaweza kuufunga mkono. Moyo una safari yake.

Siku hizi Tanzania hatutazami aina ya gari tu, twatazama hata kibao cha namba. Herufi zake hufuata mpangilio wa usajili, basi utasikia mtu akiulizwa, "La kwako ni namba D au E?" Tufikiri kidogo. Gari lililotumika Japani miaka mingi, likisajiliwa leo hapa, litakuwa na namba mpya kuliko lile lililonunuliwa jipya kabisa miaka mitano iliyopita. Kumbe twamheshimu mtu kwa ajili ya kipande cha bati! Na wapo wanaokopa fedha ili wapate kipande hicho, huku ada za watoto zikingoja.

4. Je, gari ni dhambi?

Hasha. Gari hupeleka mgonjwa hospitali usiku na kurudisha marehemu nyumbani. Kwa kasisi mwenye makanisa kumi yaliyotawanyika, gari imara ni chombo cha kazi kama jembe kwa mkulima.

Tena tusimwonee mwenye gari. Wako wanaomwita mbele kwa jina kila penye mchango, na akitoa kidogo wananong'ona. Huko pia ni kumpendelea mtu kwa uso wake, maana tunaliona gari lake, yeye mwenyewe hatumwoni. Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Papa Francis alipofika Nairobi mwezi wa Novemba 2015, alipanda gari la kawaida aina ya Honda. Sisi tulio mlangoni na tujiulize: gari kama lile likija kanisani kwetu, na hatujui aliyemo, je, mwavuli utakimbia?

5. Tufanye nini?

Tuanze na madogo. Nafasi ya kuegesha iliyo karibu na mlango iwe ya wagonjwa na wazee. Mgeni aliyekuja kwa miguu apewe kiti na kitabu kama aliyekuja kwa gari. Na mwenye gari, ibada ikiisha, atazame nani ana safari ndefu.

Bibi yule bado anakuja kila Jumapili. Mvua ikinyesha, nampokea kwanza. Siku ya kwanza nilipofanya hivyo aliucheka mwavuli akasema, "Leo umefumba macho."

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kanisa lenu, nani hupokewa kwanza, na kwa sababu gani?
2. Mbali na gari, ni alama gani nyingine tunazotumia kupima watu?
3. Je, umewahi kudharauliwa kwa sababu ya ulivyofika mahali? Ulijisikiaje?
4. Mwenye gari afanye nini ili lisiwe ukuta kati yake na jirani?

Sala: Ee Bwana, usiyependelea watu, tufumbe macho kwa yale yang'aayo, utufumbue tumwone ndugu yetu. Amina.