Kunyanyua Suzuki Ndogo: Maswali ya Gereji

Suzuki SJ410 ilitoka mwaka 1981, ikafuatiwa na SJ413 yenye injini ya lita 1.3. Ni gari jepesi, lenye chasisi ya ngazi, ekseli nzima mbele na nyuma, na springi za majani kwenye magurudumu yote manne. Ukilala chini na tochi unaona kila kitu, na ndiyo maana kila mwenye grenda na mashine ya kuchomelea anadhani anaweza kulinyanyua. Anaweza kweli. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa kabla jeki haijaingia chini.

Fundi, difu yangu inagonga mawe. Niinue springi sentimita ngapi?

Hata moja. Difu iko kwenye ekseli, na ekseli iko katikati ya gurudumu. Ukiinua springi unapandisha chasisi na bodi. Difu inabaki pale pale. Kinachoinua difu ni tairi, tena kwa nusu tu ya kimo kilichoongezeka. Tairi la 205/70R15 lina kimo cha milimita 668. Ukifunga 235/75R15, ambalo lina 733 hivi, difu inapanda milimita 33. Hiyo ndiyo faida yote, lakini kwenye njia ambayo malori yamechimba mifereji miwili na kuacha tuta katikati, milimita hizo zinatosha kukuvusha.

Basi springi za nini? Ni za kupata nafasi ya tairi hilo lisisugue madigadi, na kuliepusha tumbo la gari na kingo za makorongo. Kwa hiyo chagua tairi kwanza, kisha inua kiasi linachohitaji. Kwa 235/75R15, sentimita 5 zinatosha ukikubali kukata kidogo kingo za madigadi na bampa ya mbele. Jua pia kwamba tairi kubwa linakula nguvu. Mzunguko wake umezidi kwa karibu asilimia 10: mshale wa spidi ukisoma 80, unakwenda 88, na ile injini ya sisi 970 itadai gia ya pili kwenye kilima ilichokuwa ikikipanda na ya tatu. Wenye SJ410 wanaoishi Lushoto hawahitaji kuelezwa zaidi.

Jirani ana pikapu. Ameweka vipande vya chuma kati ya ekseli na springi za nyuma, gari likapanda. Nami nifanye hivyo?

Utalishusha. Kwenye pikapu nyingi springi ya nyuma imekaa juu ya ekseli, kwa hiyo kipande cha katikati kinaisukuma springi juu pamoja na gari. SJ ni kinyume: springi inapita chini ya ekseli. Ukichomeka kipande hapo unaisukuma springi kuelekea ardhini, na chasisi inaifuata. Na hata kwenye gari linalokubali vipande hivyo, visiwekwe kabisa kwenye ekseli ya mbele. Breki ikikanyagwa kwa nguvu, kipande kinaweza kuchomoka.

Je, shakeli ndefu?

Shakeli ni vile vibao viwili vinavyoshika jicho la springi na kuliacha licheze. Kwa kuwa springi imeshikwa ncha mbili, ukirefusha shakeli kwa sentimita 5 gari linapanda 2.5 tu pale ekseli ilipo. Ni njia rahisi, na kwa nyuma haina maneno mengi.

Mbele ndiko kwenye kazi. Shakeli ya mbele ya SJ iko upande wa pua ya gari. Ikirefuka, ncha hiyo ya springi inashuka, ekseli nzima inainamia mbele, na ule mlalo unaofanya usukani ujirudishe wenyewe baada ya kona unapungua. Gari linaanza kutangatanga kwenye lami na dereva analaumu matairi. Dawa yake ni kabari za chuma kati ya springi na ekseli, ila mimi nakushauri usizidishe hizo sentimita 5 za urefu. Tumia chuma bapa cha milimita 10, toboa kwa drili wala si kwa moto wa gesi, kisha unganisha vibao viwili kwa kipande cha katikati ili visijikunje gari likilala ubavu. Nimeona shakeli za nondo. Nondo ni ya kujengea nyumba.

Naweza kuongeza jani, au kupeleka springi kwa wahunzi wazikunje upya?

Jani la ziada ndiyo njia ninayoipenda kwa sentimita 3 hadi 5, mradi liwe jembamba. Gari hili ni jepesi. Ukilipachika jani nene la pikapu litapanda vizuri sana, halafu litakataa kujikunja. Gurudumu moja litaning'inia hewani kila ukipita shimo, na gurudumu lililo hewani halivuti kitu.

Kukunjwa kwa nyundo bila moto kunarudisha umbo kwa muda, kisha uzito wa gari unalirudisha jani lilikotoka. Kukunjwa kwa moto ni kubaya zaidi: chuma cha springi kimekaushwa kwa joto maalumu kiwandani, na ukikipasha moto bila kukizamisha na kukipasha tena kwa kipimo, unabaki na chuma laini au kinachokatika. Kwa sababu hiyo hiyo usichomelee kitu chochote kwenye jani la springi.

Vijana wanasema njia ya kweli ni kuhamisha springi ziwe juu ya ekseli. Ni kweli?

Ni kweli kwamba inainua: unapata unene wa bomba la ekseli pamoja na unene wa springi, jumla sentimita 12 au zaidi, na springi laini za zamani unabaki nazo. Lakini hapo umeanza gari jipya.

Unachomelea vikalio vipya vya springi juu ya bomba. Toa shafti za ndani, ondoa tangi la mafuta, chomoa betri, na ushike waya wa ardhi wa mashine kwenye ekseli yenyewe ili umeme usipite kwenye beringi. Usichomelee kikalio kwa mkupuo mmoja. Piga mshono mfupi, hamia upande wa pili, acha kipoe, rudi. Bomba likipinda, magurudumu hayatakaa sawa tena. Na kabla ya mshono wowote, shikiza kwa nukta tu, shusha gari likae kwa uzito wake wote, ndipo upime pembe.

Pembe ndiyo roho ya kazi hii. Kutoka ekseli hadi ekseli SJ ina mita 2.03 tu, na sanduku la transfa limefungwa peke yake katikati, mbali na gia boksi. Propela ya nyuma ni fupi, kwa hiyo kila sentimita unayopanda inaitia mteremko mkali. Mhimili wa difu na wa transfa vikae sambamba, la sivyo kuna mtetemeko ambao utaila misalaba ya propela mmoja baada ya mwingine. Angalia pia kama propela bado imeingia vya kutosha kwenye sehemu yake ya kuteleza. Ikiwa imebaki kidogo, weka kipande cha kuirefusha.

Kisha usukani. Fimbo inayotoka boksi ya usukani ilikuwa karibu kulala, sasa inateremka. Gurudumu likigonga tuta na kupanda, fimbo inalisukuma lenyewe, na gari linakata kona usiyoiomba. Fimbo lazima zihamishiwe juu ya mikono ya magurudumu. Hapa simruhusu mtu kuchomelea fimbo ya usukani nyumbani, hata awe hodari namna gani.

Kama gari linapeleka watoto shule na Jumamosi linakwenda shamba, achana na njia hii.

Breki na shokapu?

Weka chasisi juu ya stendi na uache ekseli zining'inie hadi mwisho. Mpira wa breki ukikaza hata kidogo, nunua mrefu. Shokapu nazo zipimwe mara mbili, springi ikiwa imening'inia na ikiwa imebanwa kabisa: isiwe shokapu ndiyo inayozuia ekseli kushuka, wala isifike mwisho kabla ya mpira wa kugongea. Yubolti za zamani usizirudishe. Mpya zikaze tena baada ya kilomita 100 hivi.

Litapinduka?

Mwaka 1988 jarida la Marekani, Consumer Reports, liliipa Samurai, jina la SJ413 huko, alama ya kutokubalika, likidai inapinduka kirahisi. Suzuki ilishtaki mwaka 1996, na kesi ikamalizwa kwa maelewano mwaka 2004. Yeyote uliyemwamini, gari lililobishaniwa lilikuwa la kiwandani, halijaguswa. Lako litakuwa juu zaidi juu ya upana uleule. Punguza mwendo kwenye kona, usibebe mizigo kwenye paa, na uwaarifu watu wa bima kabla ya ajali kuwaarifu.

Mimi nina Jimny, na shemeji yangu ana Escudo.

Jimny ya 1998 na kuendelea ina ekseli nzima lakini springi za koili, na kuna fimbo iliyokingama inayozuia ekseli isihame kando. Ukilinyanyua gari, fimbo hiyo inaivuta ekseli upande mmoja. Tafuta ya kurekebishika urefu. Sentimita 5 hazina shida.

Escudo, mbele kila gurudumu linacheza peke yake. Ukizidisha sentimita 5, shafti za mbele zinakaa kwa pembe kali, mipira yake inapasuka na viungo vinafuata. Shemeji akitaka zaidi ya hapo, auze Escudo atafute SJ.