Darasa Lenye Hewa, Mwanga na Utulivu

Kijiji cha Gando, Burkina Faso, hakikuwa na shule. Francis Kéré, aliyezaliwa huko mwaka 1965, alilazimika kwenda kusoma mjini Tenkodogo, akibanana na watoto zaidi ya mia moja katika chumba chenye giza na joto kali. Baadaye alisomea usanifu majengo nchini Ujerumani, na kabla hata hajahitimu alichangisha fedha za kuwajengea watoto wa Gando shule.

Shule hiyo ilikamilika mwaka 2001. Wanakijiji wenyewe walifyatua matofali ya udongo yaliyotiwa saruji kidogo. Ufundi wake mkubwa uko juu: dari ni ya matofali yaliyopangwa kwa kuachiana nafasi, na bati limeinuliwa mbali na dari kwa fremu ya nondo. Hewa ya moto hupanda, hupenya kwenye dari na kutokea nje, huku hewa safi ikiingia madirishani. Feni haihitajiki. Mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kuliko zote katika usanifu majengo.

Kwetu madarasa mengi yameezekwa bati bila dari. Jua la saa saba huwasinziza watoto. Mvua ikinyesha, mwalimu hunyamaza kwa kuwa hasikiki. Kamati ya shule yenye fedha kidogo ianze na dari na madirisha. Rangi ya ukutani ingoje.

Nchini Uingereza, watafiti wa Chuo Kikuu cha Salford walichunguza madarasa 153 katika shule za msingi 27. Ripoti yao ya mwaka 2015 ilieleza kuwa hali ya chumba ilichangia asilimia 16 ya tofauti za maendeleo ya wanafunzi kwa mwaka. Mwanga, joto na hewa vilikuwa na uzito mkubwa, lakini pia watoto walisonga mbele zaidi walipoliona darasa kuwa lao. Ukuta mtupu haukuwafaa, wala uliosheheni picha na mabango kila mahali.

Mwalimu na awaulize wanafunzi wanapenda kukaa wapi, na kwa nini. Anayekimbia dawati la dirishani huenda anaona ubao ukimeremeta tu, asisome neno; anayeng'ang'ania la mbele pengine hasikii vizuri.